Jina Chini ya Sahani

Jumatano, Nalufenya, Jinja. Mawingu tangu asubuhi, mvua bado inasitasita. Vidole vimevimba, nauchapa ukurasa wangu huu wa mtandaoni kwa kimoja.

Jana nilikuwa Mbale. Nambozo, niliyemfundisha zamani na ambaye sasa ni mhadhiri, alikuja kunichukua kwa gari niwasalimie wanafunzi wake wapya wa bioteknolojia. Watachukua bakteria asiye na madhara, wampandikize jeni, abadilike rangi akikuta maji machafu. Sisi tulisoma tu kilichoandikwa ndani ya kiumbe. Hawa wanaandika. Niliwaonea wivu.

Kabla hawajagusa sahani za kuoteshea bakteria, aliwapa kanuni moja: "Andika jina lako chini ya sahani. Kitakachoota ni chako."

"Madamu, kumbe hata bakteria ana kitambulisho?" kijana mmoja akauliza, darasa likacheka.

Kanuni hiyo nilimfundisha mimi. Mimi mwenyewe sikuifuata.

Miaka ya utawala wa jeshi nilifundisha chuo kimoja hapa Jinja. Nilikuwa naotesha bakteria wa maji ya mto, kwa utafiti wangu mwenyewe. Msaidizi wangu wa maabara, Wandera, ndiye aliyemimina chakula cha bakteria kwenye sahani. Aliona sijaandika kitu, akaandika jina lake, zisije zikatupwa.

Askari waliingia katikati ya somo. Mmoja aliinua sahani dirishani.

"Hii uchafu nyinyi nataka kuwekea sisi kwa maji? Ni ya nani?"

Wandera aliniangalia. Yeye alikuwa na Lugisu, lugha ya kwao, na Kiingereza cha maabara. Kiswahili cha kuongea na askari nilikuwa nacho mimi. Maneno matatu yangetosha: Ni zangu, afande.

Nilinyamaza.

Askari akaigeuza sahani, akasoma polepole. "Wandera ni nani?"

Wakamchukua. Hakurudi tena.

Vita vya kuuondoa utawala ule vilipokwisha tulipaka kuta rangi, tukaweka vioo vipya. Nikaurudia utafiti ule ule. Ukanipa shahada ya uzamivu.

Jana, baada ya kipindi, nilimwomba Nambozo anipeleke mtaa wa Namakwekwe, kwa mjane wa Wandera. Nilikuwa nimekariri maneno tangu Jinja. Mama Agnes alinishika mikono yote miwili kabla sijakaa.

"Mwalimu! Watu wote walikimbia, wewe peke yako ukamtetea baba Agnes. Niliambiwa. Mungu akulipe. Lakini mbona umekonda hivi, Jinja hakuna chakula? Kaa, ule."

Sijui nani alimwambia. Najua tu kwamba habari hiyo ilinifikia zamani, na kwa miaka yote hii sikumsahihisha. Akanipakulia malewa, yale machipukizi ya mianzi, kwa mchuzi wa karanga, akasimama hapo hapo kuona kama nayapenda.

Nilikula.

Maneno yalikuwa kooni, na chakula kikapita juu yake. Nilipotoka alinifungia malewa mengine makavu, ya kwenda nayo nyumbani. Yapo hapa mezani. Siwezi kuyapika wala kuyatupa.

Daktari ameniambia moyo huu hauhimili safari nyingine. Nambozo, najua unasoma ukurasa huu. Jana wakati wa kula ulikuwa umekaa kando yangu, ukadhani nimepaliwa. Nenda Namakwekwe umsomee Mama Agnes haya, kwa Lugisu, bila kulainisha. Sijui kama atakuacha umalize. Ni haki yake.

Nakuachia kazi iliyokuwa yangu, kama nilivyomwachia Wandera. Lakini safari hii jina naandika mwenyewe.

Zile sahani zilikuwa zangu.

Isabirye