Mstari Wangu wa Chaki

Dada yangu,

Nimefaulu, na hata yule mwalimu mkali kanipa mkono. Leseni narudishiwa Jumatatu.

Darasa zima ni vijana tulionyang'anywa leseni, na kila mmoja anajiona bingwa. Jana mwalimu aliweka koni uwanjani, akataka tuchore kwa chaki pale gari litakaposimama akifunga breki kwenye koni. Nilichora wangu kwa mbwembwe. Akaja na gari kwa mwendo wangu wa siku zote, akafunga breki, akaupita mstari kwa hatua tisa.

Hatua tisa, Dada. Nawe siku ile ulikuwa unanifungulia geti.

Nakuja kwa basi. Funguo za gari utakaa nazo wewe, mpaka utakapoutupa huo mkongojo.

Mdogo wako,
uliyezoea kumwita Kimbunga