Udongo Ukiiva, Shuka kwenye Baiskeli

Mpwa wangu Neema,

Kamwene. Umeamkaje, na mama yako dada yangu, mgongo unamwacha alale? Nyanya zake pale Ilula zinapata wateja, au magari yanapita tu kama yamefukuzwa? Mimi mjomba wako nakula vizuri, usingizi ndio mdogo. Baridi ya huku Mbeya ingekuwa mtu ningeshampiga.

Juzi kwenye simu ulicheka ukasema, "Mjomba, hizo hadithi zako!" ukakata. Ndiyo maana naandika, karatasi huwezi kuikatia. Nimempa kondakta wa basi amkabidhi mama yako hapo barabarani.

Neema, hiyo safari yenu ya Jumamosi, ya kuwashusha wageni kwa baiskeli toka juu Kilolo mpaka bondeni, inanitia hofu. Umesema mvua imenyesha mfululizo, na baba yako ameahidi kutangulia kuwapimia njia. Hapo kwa baba yako ndipo hofu yenyewe ilipo.

Kazi yangu huku unaijua, nawatembeza wageni milimani kwa baiskeli, na hakuna anayebisha kwamba mkoa huu haujaona mwendeshaji kama mimi. Nimeshashuka kwa kasi mpaka mwewe akanipisha. Shule niliishia la tano, ila udongo nausoma bila miwani. Huku juu ni jivu la volkano, jeusi, jepesi, linakunywa maji kama mtu aliyetoka kulima. Mvua ikikatika asubuhi, mchana unapita na vumbi linakufuata nyuma. Udongo huo ulinizoesha vibaya.

Wiki iliyopita mvua ilipokatika nilitoka na mwenzangu Ambokile, Mnyakyusa wa Tukuyu, kukagua njia kabla ya wageni. Juu kote raha tupu. Katikati ya mlima njia inaingia kwenye mikaratusi, inateremka wima pembeni mwa korongo, na hapo udongo unabadilika, unakuwa mwekundu wa mfinyanzi kama wa kwetu. Jua halifiki. Maji nayo hayana pa kwenda, yanafuata njia ileile ya matairi.

Nilikuwa mbele. Nikashuka, nikachota udongo, nikaufinya. Ukakubali tonge laini, alama za vidole zimebaki zote. Nikamkumbuka marehemu babu yako shambani, alivyokuwa anafinya hivyohivyo kabla ya kupanda. Ambokile akaita toka juu, "Wee Mhehe! Unapima au unakula? Njia vipi?"

Nikajibu kwa furaha, "Umeiva!"

Si ndivyo tunavyosema kwetu? Umeiva, leteni mbegu. Yeye akaelewa njia iko tayari. Akaachia breki.

Mpwa wangu, nilimwona akija. Tope liliyavaa matairi mpaka yakanenepa kama miguu ya tembo, gurudumu la mbele likagoma kuzunguka, ila baiskeli haikusimama. Iliteleza ubavu kama sabuni, polepole, na hiyo polepole ndiyo inayonitoa usingizini. Ambokile ananiangalia machoni. Baiskeli ikaenda korongoni. Yeye nilimdaka mkanda, kwa mkono mmoja! Wa pili umeshika mzizi. Ningekwambia nilimvuta kama gunia la viazi, lakini mwenyewe anasimulia kwamba tulilala kwenye tope tunalia wote wawili, na sauti kubwa ilikuwa yangu. Bega lake limevunjika. Nilipokwenda kumwona akaniuliza, "Kaka, kwenu kitu kikiiva mnaua mtu?" Akacheka. Mimi nilishindwa.

Sasa baba yako. Shemeji ni mkulima tangu tumboni mwa mama yake. Jumamosi atafinya udongo, utakubali tonge, atafurahi, atapaza sauti neno lilelile, na wewe utakuwa juu, wageni wamepanga foleni nyuma yako. Halafu udongo wetu una ujanja mwingine, jua likiwaka kidogo juu panakauka na kupasuka kama mkate, chini bado uji. Macho yatakwambia pakavu. Usiyasikilize. Ile kona chini ya shamba la paina, penye mteremko mkali na korongo kushoto, ndiyo naiota.

Baba yako akisema umeiva, yeye akapande mahindi. Wewe shuka, sukumeni baiskeli kwa miguu, wageni wanune wakitaka.

Nisalimie bibi yako, mama yangu mzazi, mwambie sweta alilonifumia silivui. Kaka yako seremala naye mpe salamu, na shemeji pia, ila usimsomee palipotajwa yeye.

Nina ombi moja. Alhamisi nenda pale kwenye kona, chimba kidogo uipite ile ngozi ya juu, finya tonge moja, litie kwenye mfuko wa nailoni, umpe kondakta huyuhuyu. Likinifikia limekuwa unga, endesheni, na Mungu awatangulie. Likifika zima na vidole vyako vinaonekana, sitapiga simu ili unicheke tena. Nitapanda basi, nije nisimame pale kwenye kona mimi mwenyewe, na nitakudaka mkanda.

Ni mimi mjomba wako, nisiyeogopa kitu hapa duniani ila udongo wa kwetu,

Lazaro