Sindano za Umra

Bula Iftin,
Garissa.
12 Oktoba 2025

Mpendwa adeer, mtoto wa kaka yangu, Bishar,

Assalamu alaykum warahmatullahi. Habari ya Uswidi na baridi yake? Mkeo Sahra na watoto hawajambo? Mimi ni mzima, alhamdulillahi, nawashinda afya vijana wote wa Garissa. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu mimi husema niko sawa halafu nakata.

Safari ya Umra ni Desemba. Juzi nilikwenda kuchanjwa homa ya manjano na ile ya uti wa mgongo. Wallahi sindano ya kwanza ilipinda mkononi mwangu, wauguzi wakaitana waje kuona. Mmoja wao, Sista Fosia, akaniambia, "Mzee, legeza mkono."

"Sista, mimi nimedunga ngamia kutoka Modogashe mpaka Liboi."

"Na wao walikuwa na maneno hivi?"

Nilicheka. Lakini unajua, adeer, hata ngamia hadungwi peke yake. Mmoja hudunga, mwingine hushika kichwa na kumsemesha.

Akanikalisha kwenye benchi aone kama dawa imenikubali. Akauliza nimekuja na nani. Nikamwambia watu wangu wamejaa huko nje, afunge mlango wasije wakamvunjia kliniki. Akachungulia dirishani. Kulikuwa na mbuzi mmoja anatafuna katoni. Akaniletea maji. Halafu akasema, "Leo usilale peke yako, homa inaweza kuja."

Ilikuja jioni, ndogo tu, ingawa mtu mwingine angekufa. Nikamwita mke wangu, "Hadiyo, maji." Tangu tumzike kabla ya Ramadhani sijawahi kusahau, ila siku hiyo. Nikainuka nikachota mwenyewe.

Umra hii tuliipanga mimi na yeye. Wakala wa safari anasema chumba cha Makka ni cha wawili, nimtaje mwenzangu, la sivyo ataniweka na mtu nisiyemjua. Nimekutaja wewe. Omba likizo kazini, Bishar, tukutane Jeda. Najua nilipaswa kukuuliza kwanza. Watu hapa husema maneno yangu lazima uyapunguze nusu ndiyo uyabebe. Hili moja lichukue zima.

Msalimie Sahra, na mwanao Iftin mdogo umwambie ngamia wake amezaa. Binamu yako Samsam wa Buna anawasalimu nyote. Mola akulinde katika nchi ya watu, akufungulie njia.

Akupendaye, adeer yako, ndugu ya baba yako,
Diriye