Vikombe Vinne na Wastani Usiofika Mbili

Jumatatu, 4 Machi

Wastani umegoma kupanda! Nimeipa kompyuta orodha za vitu vitatu, vinne, mpaka kumi. Programu inatoa kila mpangilio unaowezekana, mmoja baada ya mwingine. Ili kupata unaofuata, inaanzia mwisho wa orodha na kulinganisha majirani: wa kushoto ni mdogo kuliko wa kulia? Ndiyo — inasimama. Hapana — inasogea kushoto, inalinganisha tena. Mimi nahesabu inalinganisha mara ngapi kwa kila mpangilio, kisha natafuta wastani. Nilidhani orodha ikirefuka, kazi itaongezeka. Wapi! Moja na nusu, moja nukta sita saba, moja nukta saba moja — kisha inang'ang'ania papo hapo. Kwa nini? Profesa hataki majedwali. Eti kompyuta imenionyesha moshi, sasa nimtafutie moto.

Na nafasi ya uzamivu mwakani ni moja tu. Sisi tunaoitaka ni wawili: mimi na Taratibu.

Jumatano, 6 Machi

Nimeshinda na swali hilo kutwa. Hola, sijapata kitu.

Ijumaa, 8 Machi

Nimeuona moto! Ila si mimi niliyeuwasha.

Tulikuwa chumba cha chai, mimi na Taratibu. Tunagawana meza ofisini. Jina hilo tumempa kwa sababu hata salamu haijibu mpaka aifikirie. Alifundisha sekondari miaka mingi kabla ya kurudi kusoma, na wanawe wawili wako shule. Nikamlilia shida yangu. Akavuta vikombe vinne, kila kimoja na ukubwa wake.

"Ulinganisho wa kwanza hufanyika lini?"

"Kila mara, dada."

"Wa pili?"

Nikaangalia vile viwili vya mwisho. Ni pale tu kikubwa kinapotangulia kidogo — basi, nusu ya mipangilio!

"Na wa tatu?"

Vitatu vya mwisho lazima vyote vishuke, kikubwa mpaka kidogo. Vitatu hupangika kwa njia sita, inayoshuka ni moja. Moja kwa sita! Kisha moja kwa ishirini na nne...

"Unaona," akasema, "kila hatua inakula makombo ya iliyotangulia. Panga watu wa dunia nzima, ujumlishe zote, mbili huifikii."

Wiki tatu natwanga maji kwenye kinu, yeye kamaliza kabla chai haijapoa! Wivu? Upo, nitamdanganya nani humu. Lakini uzuri wa kile kitu uliumeza.

Jumatatu, 11 Machi

Nimempelekea Profesa uthibitisho. Kausoma amesimama, kakaa, kasoma tena. Nafasi ni yangu, kasema! Nikamwambia wazo si langu, ni la Taratibu. Kampigia simu hapo hapo, kisha kacheka: amejibu kwamba yeye aliosha vikombe tu.

Aliosha vikombe!

Nikamfuata Taratibu ofisini, nimefura. Akaendelea kusahihisha kazi za wanafunzi wa mwaka wa kwanza. "Wewe ndiwe uliyeuliza swali, mdogo wangu. Mimi nina watoto, umri umekwenda. Chukua." Nimekataa. Akanikatalia kukataa kwangu. Mtu wa namna gani huyu?

Jumanne, 12 Machi

Naandikia benchini, nje ya mlango wa Profesa. Nimemleta Taratibu kwa nguvu, nimemshika mkono kama mtoto mtoro. Nikasema mbele yao wote wawili: mwenye hoja aieleze mwenyewe. Nikatoka.

Mlango haukufungwa vizuri. Nasikia chaki. Anaeleza polepole, na Profesa — ambaye hamwachi mtu amalize sentensi — kimya!

Sasa Profesa anauliza. Ikishasimama, programu hurudi tena mwisho kutafuta wa kubadilishana nafasi na yule mdogo iliyemkuta. Huko nako inalinganisha. Huko amehesabu?

Mungu wangu. Huko sikufika. Wala kwenye vikombe hatukuhesabu huko.

Nasikia hatua zake zikirudi ubaoni.

"Naomba nifute huu upande wa ubao," anasema Taratibu. "Nafasi haitatosha."