Matone ya Fosforasi

Jumatatu, 12 Machi 1984
Umeme umerudi. Nimesaga ubongo wa panya wachanga, nikauweka kwenye barafu. Kazi ileile: kutafuta kinasi, vimeng'enya vinavyobandika fosforasi kwenye protini na kuiamuru seli ikue au isimame. Fosforasi yetu ina mionzi. Tuliisubiri miezi mingi ifike kwa ndege kutoka Kinshasa.
Kichupa kimeniponyoka. Matone yameruka. Nimeosha meza, mikono, uso. Kipima-mionzi hakina pile, betri zake zimekwisha. Mjini pile za aina ile hakuna.
Nina mimba ya miezi minne. Mdomo ulikuwa wazi? Sikumbuki.

Jumanne, 13 Machi
Sikulala. Najua mno. Fosforasi hukimbilia seli zinapojengwa, na ndani yangu ubongo unajengwa. Naogopa.
Mume wangu, Issa, anadhani ni kichefuchefu tu. Amenipikia lituma, ndizi za kuponda. Nimelia juu ya sahani.

Jumatano, 14 Machi
Nimemwambia Profesa, mkuu wa maabara yetu. Kwanza alifunga mlango.
"Usiambie mutu. Batu ya usalama bakisikia mionzi, batatufunga wote."
Sasa naogopa mambo mawili.
Tuna filamu za eksirei. Hizo ndizo hutuonyesha protini zenye mionzi: penye mionzi huwa peusi. Katika chumba cha giza nimebandika moja kwenye koti langu la kazi, nyingine kwenye karatasi niliyodondoshea mkojo wangu. Kama niliimeza, itaonekana.

Ijumaa, 16 Machi
Tumesafisha filamu. Profesa amenishika kiwiko.
Koti: madoa meusi, mkono wote wa kulia.
Karatasi ya mkojo: hakuna kitu. Filamu angavu kama kioo. Nimeipeleka dirishani, nikaiangalia tena na tena.
Hofu haijaisha. Lakini nimekula.

Jumatatu, 19 Machi
"Mama Safi, mionzi ya fosforasi iko inakufa kila siku. Turudie leo, ama itapotea bure."
"Mi siingii tena, Prof."
Amenitazama tumbo.
"Bon, sawa."
Amevaa glavu, akaingia peke yake. Kipima-mionzi bado hakina pile. Nimekaa barazani, nasikia vichupa vikigongana nyuma ya mlango. Mvua imeanza, nyepesi.
Vichupa vimenyamaza. Nimemwita. Kimya. Nimemwita tena.
Ameitika.