Kipimo Nilichokosea

Goma, Keshero, tarehe 14 Machi 2009

Kwa yaya yangu Charline, dada yangu mkubwa,

Nakusalimu wewe, shemeji na watoto wote hapo Butembo. Kile kifua chako kimepata nafuu? Mimi ni mzima, ila nimekonda kidogo.

Tangu Januari sikai tena katika kambi ya wakimbizi ya Mugunga. Nimepata kazi kwenye atelie inayotengeneza miguu ya bandia, karibu na ziwa. Asubuhi ukungu huingia hadi mezani ukachanganyika na vumbi la plasta, hata sisi wenyewe tunakuwa weupe. Miguu iliyokamilika huning'inia darini. Upepo ukija inatikisika polepole, kama watu wanaopita hewani bila haraka, nami nasahau leo ni siku gani.

Mwezi uliopita niliandika vibaya kipimo cha mwalimu mmoja, mama Nyiramahirwe, aliyekatwa mguu kwa sababu ya bomu. Siku ya kuujaribu ule mpya, alipiga hatua mbili akaanguka mbele yetu sote. Kule nilikofanya kazi zamani, aliyekosea alifukuzwa wenzake wakitazama, kwa hiyo tulijifunza kuficha. Hapa pia nilinyamaza siku mbili. Kisha nikamwendea mkubwa wetu, papa Mushagalusa, nguo zangu nimekwisha kuzifunga kwenye kitenge.

Akanisogezea kiti, akasema, "Ikala kwanza, mutoto. Ulikula?"

Alinigawia viazi vyake. Halafu tukaenda pamoja kwa mama Nyiramahirwe. Nilimwambia kwa mdomo wangu. Papa akaongeza kwamba kosa ni la atelie nzima, kwani hakuna aliyepima tena baada yangu. Mguu wa kuchukua nafasi ya ule mbovu aliniachia niutengeneze mimi. Jumatatu mama yule alitembea hadi barabarani na kurudi, akicheka peke yake. Siku hizi nawafundisha wapya kupima.

Yaya, ndiyo maana leo naweza kuandika hili. Nilikuambia mama yetu alikataa kukimbia vita. Nilikudanganya. Pale Kibati, risasi zilipokaribia, aliniomba nimngoje afunge kiatu. Nilimwachilia mkono, nikakimbia. Nilipogeuka hakuwapo, na mpaka leo sijamwona. Kwa hiyo usiwaze tena kwamba alichoka na sisi. Alitaka kuja.

Kila Jumapili narudi kambini kuulizia jina lake. Ukikasirika, kasirika, lakini uniandikie.

Wapokee wote salamu zangu, na Mungu awalinde.

Ni mimi mdogo wako,
Marie-Louise