Viatu Chini ya Sahani

Jumanne, 3 Juni

...na bado nasema kitu cha bure si lazima kiwe takataka! Leo tena tumebishana kuhusu vile vijitabu, tangu chai ya asubuhi hadi anafunga kamba za viatu. Mume wangu (mume wangu! naandika hivi na kutabasamu peke yangu kama punguani) hununua jarida la katuni kila baada ya wiki mbili. Ndani yake huja kijitabu cha bure, hadithi za zamani zilizochapishwa upya, kimefungwa kwenye nailoni yake. Jarida analisoma akicheka hadi anapaliwa. Kijitabu anakitia kwenye boksi chini ya kitanda. Hakifungui hata!

Eti karatasi nyepesi, wino unabaki vidoleni, rangi zimehama, midomo ya watu imefika mashavuni. "Wanatulisha viporo, mke wangu."

Nikamwambia mbona viporo vyangu anavimaliza na sufuria anafuta. Akanibusu kwenye paji la uso, akaenda zake kutengeneza friji za watu. Jamani, nampenda!

Ila kama ni takataka, mbona havitupi?

Alhamisi, 5 Juni

Dukani hakukuwa na wateja, sare za shule haziuzwi katikati ya muhula. Nikamuuliza mwenzangu, Bi Mdomo, kama vile vijitabu vina faida yoyote. Akasema kusoma havisomeki, lakini kutandika kabati la vyombo havina mpinzani. "Karatasi ya bure, shoga, tena ina picha. Mende wenyewe wanasahau kula, wanabaki kusoma!"

Muuza magazeti wa pale nje akadakia kwamba wako wanaonunua kwa ajili ya kijitabu tu, jarida wanamwachia palepale kwenye benchi. Bi Mdomo akamwambia hao ni wagonjwa. Akajibu basi yeye ndiye mfamasia wao.

Kabati letu lina mbao zenye madoa. Nimepata wazo!

Jumamosi, 7 Juni

Limependeza! Yeye yuko kazini mpaka mchana. Nimechukua kijitabu cha juu kabisa kwenye boksi, kilichokuja jana, nikachana nailoni, nikatoa pini, nikabandika kurasa kwa gundi ya unga. Sikusoma hata neno, nilikuwa na haraka ya kumshangaza. Juu yake nimepanga sahani na vikombe vya harusi. Kabati linacheka lenyewe.

Baadaye.

Mungu wangu.

Nimenyanyua sahani kubwa ili nipakue chakula. Chini yake kuna mwanamke, amesimama barabarani, amevaa viatu vya kiume. Vikubwa, visigino vinaelea. Mkononi ameshika sandali iliyokatika kanda. Kando yake mwanamume yuko peku, suruali imekunjwa.

Hiyo ni miguu yangu!

Niandike vizuri, maana nikisoma kesho nitadhani nilikuwa na homa. Siku aliyoniomba tuoane, kanda ya sandali yangu ilikatika mbele ya stoo ya mbao. Akavua viatu vyake, akanivisha, akatembea peku kwenye kokoto hadi kwetu. Akaniambia, "Barabara hii ni ndefu, lakini nikitembea na wewe natamani waiongeze." Nililia! Dada zangu walilia nilipowasimulia. Bi Mdomo, ambaye halii hata akikata vitunguu, alifuta macho kwa soksi ya mteja.

Nikasogeza sahani ya pili. Kiputo cha maneno kimetoka mdomoni mwa yule peku. Barabara hii ni ndefu. Nikasogeza kikombe. Natamani waiongeze.

Neno kwa neno!! Hata kuziita kokoto "zulia la maskini", neno nililodhani alilibuni palepale kwa ajili yangu, liko chini ya birika.

Kurasa nimezibandika ovyo, hadithi imeruka huku na huku. Nimetoa vyombo vyote, nikaisoma kwa kuinama na kuchutama. Wanaoana kwenye rafu ya chini. Na chini ya kopo la sukari, mwisho kabisa: mke yuko mlangoni, mume amempa mgongo, begi mkononi. "Je, atarudi? Mwisho wa hadithi hii katika toleo lijalo!"

Mlango ukalia. Akaingia, akasema kabati limependeza. Kisha akaitazama karatasi kwa karibu. Uso ukamshuka.

"Umefungua?"

"Nimefungua."

Tumekulia sufuriani. Sahani zilikuwa sakafuni, kila moja ilipoishia.

Jumapili, 8 Juni

Nimemuuliza uso kwa uso. Yale maneno ni yako au si yako? Akakuna shingo. Akasema si yake.

Mimi nimeolewa na nani, basi? Na fundi friji au na mtu wa kwenye katuni? Kila neno zuri aliloniambia sasa nalitazama kama noti inayotiliwa shaka, nalielekeza kwenye mwanga.

Akasema maneno yake mwenyewe huwa yanakwama. "Siku ile ningesema la kwangu, ningekwambia kitu kuhusu friji."

"Ungesema nini?"

Akarudi kukuna shingo.

Nikamuuliza kuhusu sandali: uliikata wewe? Akaruka kama amekanyaga moto. Ameapa, mikono yote miwili juu, kwamba ilikatika yenyewe! Eti tangu ana miaka tisa alikuwa na yale maneno kifuani, akimsubiri wa kumwambia. Kanda ikakatika. "Nikasema, basi ndiye huyu."

Nimeingia chumbani kulia. Sijui nalia kwa hasira au kwa lile la mwisho. Tamu jamani! Lakini na lenyewe je, limetoka rafu ipi?

Jumatano, 11 Juni

Ameingia na begi! Jipya! La ngozi nyeusi, lilelile la chini ya kopo la sukari!

Nimesimama mlangoni. Nikamuuliza unakwenda wapi. Akasema jikoni, ana kiu.

Ni la vifaa. Bosi wao amewagawia mafundi wote. Limejaa bisibisi na mipira ya milango ya friji. Nimekaa chini nikacheka hadi mbavu zinauma, halafu nikajikuta nafuta machozi. Ona nilipofika! Nauogopa mgongo wa mtu wa kuchorwa.

Nimemtaka aniambie mwisho wa hadithi. Mume anarudi au harudi? Akanitazama kwa namna ambayo sijawahi kuiona. Akasema hajui.

Muongo! Anajua kila neno, asijue mwisho?

Alhamisi, 12 Juni

Nimempigia mama mkwe. Nilijizungusha kwanza, habari za miguu, habari za majirani. Kisha nikataja hadithi ya viatu. Akacheka hadi simu ikakoroma.

"Hiyo! Mwanangu, hiyo ilitutesa!"

Baba mkwe, alipokuwa hai, alimletea mwanawe jarida kila lilipotoka, wakasoma pamoja. Ya viatu ilikuwa imebakiza toleo moja. Wiki hiyo wakahama, na kule walikohamia jarida halikufika. Mtoto alilia mpaka homa ikapanda. Baadaye akaanza kutunga mwisho wake. Akitoka shule anao mmoja: mume amerudi. Kesho yake mwingine: mke amemfuata. Hakuna uliompendeza, kila mmoja aliufuta.

"Kwa hiyo hajui?" nikauliza.

"Atajulia wapi? Hajui mpaka leo."

Nimekaa na simu mkononi, imeshakatika zamani. Kumbe hakudanganya! Kumbe zile nailoni hazifungui kwa sababu... anauogopa. Mwisho ukija, usije ukawa mbaya.

Na kitu kingine, moyo umeruka kabisa! Katuni yake ilikomea mlangoni, kwa mke na begi. Basi chai anayoniletea kitandani haimo. Wala kunipepea kwa kifuniko cha sufuria umeme ukikatika. Hayo amenakili wapi?

Jumamosi, 14 Juni

Tulikuwa tunaosha vyombo. Ghafla, mkono ukiwa ndani ya povu, akasema, "Ukikoroma nafurahi. Najua upo."

MIMI NAKOROMA?!

Amesema ni kama friji nzuri. Ikinguruma usiku unajua chakula hakitaharibika.

Nimempiga na kitambaa cha vyombo. Nimekwenda uani kuanika nguo ambazo zilikuwa zimeshakauka, nikasimama pale nikitabasamu na kamba. Hilo halimo katika katuni yoyote duniani. Hakuna mchoraji angethubutu!

Ijumaa, 20 Juni

Toleo limetoka. Muuza magazeti alinipungia tangu mbali, "Dada, mwisho wa ile ya viatu uko humu!" Bi Mdomo akataka kufungua palepale, nikamkumbatisha rundo la sketi.

Jioni tumekiweka mezani, ndani ya nailoni. Tumekaa huku na huku kama tunasubiri majibu ya hospitali.

"Fungua wewe."

"Wewe ndiye uliyesubiri."

"Wewe ndiye uliyebandika."

Simu ikalia, mama mkwe. Tumesoma? Bado. Akatupigia kelele sote wawili: tusithubutu bila yeye, yeye ndiye aliyekesha na mtoto mwenye homa kwa ajili ya hicho kijitabu! Mume wangu akacheka, akaenda kuchukua dawa ya viatu. Sasa anapiga vyake rangi, na sandali zangu ameziweka kando, zinasubiri zamu.

Nimekisogeza kijitabu karibu na taa. Pembe moja ya nailoni imeachia. Ndogo tu, kidole kinapita.

Nimemuuliza, "Umechungulia?"

Hakuinua macho kwenye kiatu. "Wewe je?"

Nimeifunika ile pembe kwa kidole. Anapiga mluzi, wimbo wenyewe hana.

Mama bado yuko hewani, anauliza tutakuja lini, lini hasa. Nimemwambia tutafika kwake kabla ya mwezi huu kuisha, mimi na mwanawe, na kijitabu tutakuja nacho.